Kasi ya Mwitikiaji

Jumapili, kabla jua halijatoka, barabara za Dar es Salaam huwa na wenyewe wengine. Daladala bado ni chache, wauza vitumbua ndio kwanza wanawasha moto, na kutoka Temeke, Mbagala, Tabata na Kinondoni wanajitokeza watu wa jogging: fulana za rangi moja zenye jina la klabu mgongoni, filimbi mbele, bendera katikati, na bodaboda wawili watatu wakizuia magari kwenye makutano. Wapo vijana wa kunyanyua vyuma, wapo akina mama waliofunga khanga juu ya suruali za mazoezi, wapo wastaafu, na wapo wenye vitambi vinavyofika kabla ya fulana. Wote wanaimba. Mmoja anaanzisha, kundi linaitikia, miguu inafuata.

Nami ni mmoja wao, miaka kadhaa sasa. Nilifika pale kwa njia wanayofikia wengi wa rika langu, yaani kwa mashine ya presha. Sikuwa naumwa popote. Ofisini waliletwa wapimaji, foleni ilikuwa fupi, nikakaa. Muuguzi akafunga kile kitambaa mkononi, akakipuliza, akatazama, akakifungua, akakifunga mkono wa pili. Namba ya juu ilikuwa imevuka 160 na ya chini imevuka 100. Presha huhesabiwa kuwa ya juu kuanzia 140 kwa 90, na hairuhusiwi kumhukumu mtu kwa kipimo cha siku moja. Nikarudia siku nyingine, hukumu ikawa ileile. Sukari kabla ya kula ilikuwa 6.4: si kisukari bado, maana kisukari huanzia 7.0, lakini jirani yake kabisa. Daktari akaniandikia vidonge na kunipa maagizo ambayo kila mtu wa umri wangu anayajua kwa moyo: kiuno kipungue, chumvi ipungue, miguu itembee.

Mazungumzo ya afya siku hizi yamejaa ushujaa wa mtu mmoja mmoja. Fulani kapunguza kilo kadhaa kwa mwezi, fulani kaacha wanga kabisa, fulani anaamka saa 10 usiku kukimbia peke yake. Uzoefu wangu umenifundisha njia nyingine. Afya iliyokaa kwangu ni ile iliyoweza kukaa na watu: na kundi la barabarani, na sufuria ya nyumbani, na ukoo wenye maswali yake. Kasi inayomfaa mtu ni ile ambayo akiitwa, bado anaweza kuitikia.

Tuliosoma shule ya msingi Tanzania zamani kidogo tuliijua kasi hiyo bila kufundishwa. Ulikuwa mchakamchaka. Alfajiri, kabla ya usafi na gwaride, tulikimbia kuzunguka viunga vya shule, wengi pekupeku, kiranja mbele akianzisha wimbo na sisi nyuma tukiitikia kwa sauti za kuamsha mtaa mzima. Hakuna mwalimu aliyetaja moyo wala mapafu. Kwa walimu ilikuwa nidhamu na uzalendo, kwa sisi watoto ilikuwa mchezo. Klabu za jogging za leo ni mchakamchaka uleule, ila umekua ukaota kitambi.

Kumbe ndani ya wimbo mlikuwa na kipimo. Wataalamu wa mazoezi wana njia rahisi ya kujua ukali wa zoezi bila mashine. Kama unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, zoezi lako ni la wastani. Kama huwezi kusema zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi, hilo ni kali. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za zoezi la wastani kwa wiki, na hilo la wastani ndilo linalopimwa kwa mdomo namna hiyo. Sasa tazama wimbo wa kupokezana unavyofanya kazi. Mwanzishaji anaimba, wewe unavuta pumzi; anakaribisha, unatoa maneno mawili matatu, unavuta tena. Mtu asiyeweza kuimba wimbo mzima akiwa mbioni anaweza kabisa kuitikia. Akishindwa hata kuitikia, ajue kasi imemzidi.

Kocha wetu analijua hilo kuliko daktari. Ni mstaafu wa bandari, mwembamba, sauti kubwa kuliko umbo. Kundi likishika mwendo, yeye hugeuka na kukimbia kinyumenyume, na macho yake hayapo kwenye miguu ya mtu. Anatazama midomo. Mdomo unaofunguka kuitikia anaupita. Ukiona mistari miwili ya nyuma midomo imeachama na hakuna sauti inayotoka, subiri: filimbi italia mara mbili na walio mbele watapunguza, wapende wasipende. Vijana hunung'unika. Kocha hujibu kwamba anayetaka kuwahi asubiri Jumatatu aende kazini mapema. Kundi zima linakwenda kwa kasi ya mwitikiaji wa mwisho, na ndiyo maana wageni wenye miili mizito waliokuja na aibu zao hurudi Jumapili inayofuata.

Nimekuja kukipenda kipimo hicho hata nje ya barabara. Kazini, msimu wa kufunga mahesabu, najua nimezidisha pale mtoto anaponiuliza jambo nikamjibu kwa kichwa. Mtu asiyeweza kuitikia salamu kwa sababu ana mambo mengi hana tofauti na yule wa mstari wa nyuma: anakwenda, lakini hafiki mbali.

Usidhani ni falsafa ya wanaochechemea. Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Aliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliyemfuata aliandikiwa muda uleule. Kilichowatenganisha ni sehemu 3 za mia za sekunde moja. Hadi wanaingia uwanjani Simbu alikuwa bado yu pamoja na wenzake, na dhahabu aliichukua hatua za mwishomwisho. Miaka 8 kabla ya hapo, London, alikuwa amepata shaba. Watu walioitazama mbio ile kwenye simu zao walizungumzia mwisho wake. Kocha alituzungumzia zile kilomita nyingi ambazo hakuna aliyezitazama, ambazo bingwa alikaa kundini akitunza pumzi.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba mwili una sehemu nyingi na hazikui kwa pamoja. Pumzi ndiyo huja haraka. Wiki chache za kutembea na kukimbia kidogokidogo, ukipanda ngazi huhemi tena, unajiona umepona. Magoti na kano za nyuma ya kisigino hazina haraka hiyo. Kano hupata damu kidogo kuliko misuli, na hujengeka polepole. Kwa hiyo kuna kipindi cha hatari ambacho mapafu yanasema twende na goti halijawa tayari. Klabuni kipindi hicho kinajulikana. Mgeni huanza kuwapita wenzake, husifiwa, halafu hupotea. Ukimuulizia unaambiwa kisigino. Mimi nilikivuka kwa msaada wa Kocha, aliyekuwa akinituma kukaa na akina mama wanaotembea kila aliponiona nimeanza kupepesuka kwa furaha. Kwa wale akina mama nilijifunza bei za vitu sokoni, nani kafiwa, na jinsi ya kutembea kwa haraka bila kukimbia, mikono ikifanya kazi. Kutembea hivyo ni mazoezi kamili. Hakuna aya ya kitabu chochote cha afya inayosema dakika 150 lazima ziwe za kukimbia.

Viatu navyo vina elimu yake. Sisi wa kipato cha kati tunavitafuta Karume, kwenye mitumba, na huko rangi isikudanganye. Shika kiatu kisigino na ncha, kikunje: kikikunjika kwenye vidole, sawa, kikikunjika katikati ya wayo, kirudishe. Bonyeza soli ya ndani kwa kidole gumba. Sponji iliyo hai inasukuma kidole. Iliyokufa inabaki na shimo. Kisha kiweke kwenye meza na ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande, mwenye nacho wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na wewe utaurithi pamoja na maumivu yake ya goti.

Lakini barabara ni nusu ya habari, na pengine si nusu kubwa. Habari yenyewe iko jikoni.

Kila klabu yenye sifa hufanya bonanza. Klabu hualikana, mnakimbia pamoja hadi uwanjani, mnafanya viungo kwenye duara kubwa, mnacheza muziki, kisha inakuja supu. Supu ya makongoro au ya ng'ombe, mafuta yakielea juu yake, na chapati mbili zinazong'aa. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 anatumia takriban kalori 400. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori kama 120, kwa sababu kila gramu ya mafuta ina kalori 9 wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Vijiko vitatu na kitu vya mafuta vimeshafuta mbio nzima, na hapo hujahesabu unga wa chapati. Ndiyo maana unaweza kumwona mtu anakimbia kila wiki, moyo wake umeimarika, usingizi umekuwa mzuri, na kitambi kipo palepale. Mbio zimefanya kazi yake. Dumu la mafuta nalo limefanya yake.

Niliporudi nyumbani na maagizo ya daktari, nilimweleza mke wangu kwamba sasa chakula changu kitakuwa mbali: mboga za kuchemsha, samaki wa kuchoma, ugali kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Baba Neema," akasema, "vyungu viwili sipiki."

Nikajaribu kueleza. Akaniambia tena, bila hasira: "Kama chakula hicho ni kizuri, tule wote. Kama ni kibaya, usile na wewe."

Ilikuwa hoja isiyo na jibu, na naamini ndiyo iliyoniokoa. Mlo wa mtu mmoja katika nyumba ya watu sita una maisha mafupi. Mpishi anachoka kupika mara mbili, watoto wanaona baba anaadhibiwa, na mwenye mlo wake anakaa mezani akinusa sahani za wenzake hadi siku anapoona basi. Tulichofanya ni kubadilisha chungu kimoja cha wote, polepole kiasi kwamba hata mtoto wetu mdogo hakulia.

Tulianza na mafuta. Badala ya kuinamisha dumu juu ya sufuria na kuacha jicho liamue, tukaweka kijiko kikubwa kando ya jiko, na kila mpishi, awe mama, binti au mimi, anahesabu. Kitunguu kinaweza kukaangwa kwa vijiko viwili ukiongeza maji kidogo kinapotaka kushika. Nyanya hutoa maji yake yenyewe. Dumu la lita 5 lililokuwa haliuoni mwisho wa mwezi likaanza kuuvuka, na hapo mke wangu, ambaye hajawahi kuvutiwa na habari za kalori, akawa mwanaharakati kuliko mimi.

Ikafuata chai. Soda tulikwishaipunguza, maana chupa ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari, kama vijiko 9 vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa mtu mzima asizidi gramu 25 hivi kwa siku nzima. Lakini sukari ya nyumba nyingi za kwetu haimo kwenye soda. Imo kwenye chai: vijiko vitatu asubuhi, vitatu saa 4 ofisini, vitatu jioni. Tulishusha nusu kijiko kila baada ya muda. Ulimi ni mwanafunzi mzuri usipoharakishwa. Sasa nikipewa chai ya zamani nahisi nimepewa sharubati.

Halafu unga. Sembe nyeupe tunayoipenda imeondolewa ganda na kiini, na humo ndimo zilimokuwa nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Dona hubaki na vyote, na ugali wake hushikilia tumbo muda mrefu. Tatizo la dona ni kwamba haivumilii kukaa: kiini cha hindi kina mafuta, na mafuta hayo huchacha. Kwa hiyo haununuliwi mfuko wa mwezi. Husagwa kilo chache kwa mashine ya jirani, tena mahindi yawe makavu na safi, kwa kuwa sumukuvu haina utani. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Watoto waliigomea dona mwanzoni kwa sababu ya rangi. Tukachanganya nusu kwa nusu. Mambo mengi ya afya, nimeona, hushindwa kwa kutaka yote kwa mkupuo wakati nusu kwa nusu ingepita bila mjadala.

Mwisho ni sahani yenyewe. Kwetu ugali ndio hukaa katikati kwa heshima zote na mboga ikapewa pembe. Tumepindua utaratibu: matembele, mchicha, kisamvu au bamia huchukua nusu ya sahani, ugali robo, maharage au dagaa robo. Huu si mlo wa matajiri. Fungu la matembele, kikombe cha maharage na dagaa wa Mwanza ni chakula tulicholelewa nacho, tukakiacha tulipopata mshahara na kuona aibu kula majani. Sehemu kubwa ya kile kinachouzwa siku hizi kwa jina la ulaji bora ni sahani ya bibi zetu iliyopandishwa bei.

Kiuno kikaanza kupungua. Hapo ndipo yakaja ambayo daktari hakuyataja.

Katika jamii yetu kukonda si habari njema. Anayenenepa huambiwa amenawiri, maisha yamemkubali. Anayepungua huulizwa kulikoni. Swali hilo lina historia yake. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka 20 na zaidi iliyofuata, hadi dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure na serikali kuanzia 2004, tulijifunza kuusoma mwili wa mtu kwa hofu. Shati likilegea shingoni, watu walinyamaza. Kizazi changu kilizika wengi waliokonda kwanza. Mtu wa kizazi hicho ukimwambia unapungua kwa makusudi, anakusikia, lakini macho yake yanakumbuka mengine.

Nilikwenda Muheza kumsalimia shangazi yangu, dada yake marehemu baba, mwanamke wa miaka sabini na ushee anayelima mpaka leo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba." Akanishika mkono wa juu, akaupima kwa vidole, asiseme kitu. Alisubiri hadi waliokuwapo uani wakatoka, akasogeza mkeka karibu. "Mwanangu, mimi ndiye niliyebaki. Niambie kweli. Unaumwa?"

"Siumwi, shangazi. Nakimbia."

"Nani anakukimbiza?"

Nikamweleza habari ya presha, klabu, Jumapili alfajiri, fulana za rangi moja. Alisikiliza akitikisa kichwa. Nilipomaliza akatoa hukumu: "Hilo lenu ni shamba lisilo na mavuno." Kisha akaniletea wali wa nazi, kisamvu na kipande cha ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, na nikala. Chakula cha shangazi anayekuhofia kifo hakikataliwi. Nilijipakulia kisamvu kingi na wali wa wastani, nikasifu mara mbili, naye akaniona nakula akatulia. Mlo mmoja haumharibu mtu, kama ambavyo mbio moja haimponyi. Lakini sahani iliyosukumwa kando mbele ya shangazi hukumbukwa ukoo mzima.

Asubuhi yake nilimfuata shambani. Mimi mkimbiaji wa kilomita 10 nilipewa jembe, na kabla umande haujakauka viganja vimetoka malengelenge na mgongo unaniita kwa jina. Shangazi alikuwa mistari miwili mbele, anapalilia na kuzungumza, hapumziki, haachi hadithi katikati. Yeye naye alikuwa ndani ya kasi yake. Siku ile nilielewa kwa nini maagizo ya mazoezi husisitiza pia kazi za kutumia nguvu za misuli, walau siku mbili kwa wiki. Kuanzia umri wa miaka 30 hivi misuli ya mtu huanza kupungua taratibu, na misuli ndiyo inayochota sukari nyingi kutoka kwenye damu inapofanya kazi. Mapafu yangu yalikuwa na kibali, mikono na mgongo havikuwa nacho. Niliporudi Dar nikaanza kuchuchumaa na kuinuka, kupiga pushapu kwa kushika ukingo wa meza, na kubeba ndoo za maji mwenyewe badala ya kumwita kijana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji ada ya jimu.

Ningeweza kuishia hapo na kusema wazee wetu wana afya, turudi shamba. Lakini nilikuwa na mashine yangu ndogo ya presha kwenye begi. Jioni nilijipima, shangazi akataka kuona, nikampima naye. Mwanamke yule mwembamba, aliyelima siku nzima, asiyejua soda wala chipsi mayai, presha yake ilikuwa juu kuliko yangu ya kwanza. Nikasubiri, nikarudia, nikarudia tena kesho yake asubuhi. Ilikuwa juu. Umri unachangia, damu ya ukoo inachangia, na chumvi inachangia. Kiasi kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, na ng'onda huhifadhiwa kwa chumvi nyingi. Hakuwahi kupimwa kwa sababu hakuwahi kuumwa, na mtu asiyeumwa anakwenda hospitali kutafuta nini?

Sasa anameza vidonge vyake. Ng'onda huiloweka, akamwaga maji yake, na huila kwa nadra. Shamba hakuacha na hakuna aliyemwambia aache. Mimi pia bado nameza changu, kimoja badala ya viwili, na aliyepunguza ni daktari baada ya kuona vipimo, si mimi baada ya kujiona mwepesi. Hili nalisisitiza klabuni kila nipatapo nafasi, maana wapo wanaodhani kukimbia kumewapa ruhusa ya kutupa dawa. Mazoezi na chakula hushusha presha kweli. Kidonge nacho hushusha. Mtu mwenye akili hachagui kati ya marafiki wawili wanaomsaidia.

Sisemi kwamba kila mtu ana nafasi niliyo nayo. Mwanamke anayetoka nyumbani saa 11 alfajiri kuwahi daladala na kurudi saa 2 usiku hahitaji kuhubiriwa kuhusu dakika 150. Anahitaji barabara yenye njia ya waenda kwa miguu na taa. Mitaa mingi ya miji yetu haina hata kimoja. Klabu za jogging zimekua kwa sababu hiyohiyo: kundi linazuia magari, kundi linamlinda binti asibughudhiwe, kundi linaomba uwanja wa shule ambao mtu mmoja angefukuzwa. Na kundi hilohilo huchangia msiba, harusi na mgonjwa wa hospitali. Anayekuja kwa ajili ya kitambi hukuta amepata ndugu, na ndugu ndio wanaomfanya aamke Jumapili ambayo godoro limekuwa tamu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Ukitaka kuanza, anza na wenzako, hata kama ni jirani mmoja na safari ya kwenda msikitini au kanisani kwa miguu. Badilisha chungu cha wote, usidai chako. Nenda kwa kasi inayokuachia pumzi ya kujibu. Na kabla ya viatu, kabla ya dona, kabla ya yote, nenda kapime presha wiki hii, unene ulio nao au wembamba ulio nao. Karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kuwa wanayo. Kipimo hakifiki dakika 5, na huna dalili ya kusubiri.